Mchinjaji wa Mandewa na Ndoo ya Mifupa

Mzee Mselemu wa Mandewa hakununua kitu bila kukinusa. Sabuni aliinusa, mafuta ya taa aliyanusa, hata chumvi, ambayo haina harufu, nayo aliipeleka puani akakunja uso kwanza. Wafanyabiashara wa soko la Singida walishamzoea. Wakimwona anakuja walinong'onezana kwamba pua hiyo inakuja, kisha wakamwamkia kwa heshima zote. Mgeni angeweza kudhani ni kichaa cha uzee, lakini haikuwa hivyo. Mzee alikuwa mchinjaji, kazi aliyoirithi kwa baba yake, mtu wa pwani aliyekuja bara na biashara ya vitambaa, akaoa Mnyaturu, akageukia uchinjaji, akasahau njia ya kurudi kwao. Na mchinjaji asiye na wasiwasi, kwa maelezo ya mzee mwenyewe, ipo siku atawalisha watu kibudu.

Mandewa nzima ilikula nyama ya mkono wake. Waislamu ndiyo usiseme, lakini hata Wakristo, ikifika Krismasi au Pasaka, walimwita awachinjie mbuzi na kuku wao ili jirani Mwislamu akipita asije akakosa kipande. Ndivyo mji ule ulivyokuwa, na hakuna aliyeona ajabu. Jirani yake Raheli, mjane wa Kilutheri aliyetoka Kinampanda na kuishi kwa kuuza mafuta ya alizeti, hakuwahi kuchinja jogoo bila kupiga hodi kwa mzee. Kati ya nyumba zao palikuwa na ua wa minyaa tu, na ua wenyewe ulikuwa na pengo ambalo watoto walilitumia kuliko mlango.

Halafu ikaja ruksa. Miaka ile ya kupanga foleni kwa sabuni ikaisha, maduka yakajaa, na kila mtu aliyekuwa na meza akawa mfanyabiashara. Watu walifurahi. Mzee naye alifurahi, mpaka mkewe aliposhikwa na malaria. Dawa hospitali hazikuwapo, akaenda kununua vidonge kwenye duka jipya lililopakwa rangi ya bluu, duka zuri lenye feni. Mkewe alimeza vidonge vyote na homa haikushuka hata kidogo. Baada ya mazishi mzee alikiponda kimoja kilichosalia, akakilamba. Akasema ni chaki. Huenda ilikuwa chaki kweli, huenda ilikuwa uchungu wa mfiwa, mimi sijui. Ninachojua ni kwamba tangu siku ile mzee hakuamini tena kitu kilichofungwa na mtu mwingine.

Kwa hiyo utaona watafiti wa chuo kikuu walichagua mtaa mbaya.

Walikuja wanne na pikapu, mwaka ambao mashirika ya umma yalikuwa yanauzwa moja baada ya jingine na hospitali imeanza kutaka wagonjwa wachangie. Daktari Anselm ndiye aliyewaongoza, mtu mrefu mpole ambaye akikusalimia anakutazama meno. Gasto alikuwa mwalimu wa hesabu, hatazami mtu kabisa, anatazama paa za nyumba kama anazipanga upya kichwani. Alikuwapo injinia mmoja mwenye mabomba na koki, na alikuwapo mama mmoja wa mambo ya utawala, ambaye kazi yake ilikuwa kuuliza swali moja tu: nani aliamua? Nani aliamua kisima kichimbwe pale? Nani aliamua ufunguo wa pampu ukae kwa fulani? Mwenyekiti wa mtaa aliposikia swali hilo mara ya pili aliugua tumbo, akasafiri kwenda Itigi kumwona shangazi.

Watu wakaanza kusema. Mabwana hawa wanapima kisima ili kiuzwe kwa kampuni, kwani kuna kitu gani ambacho hakiuzwi siku hizi? Wengine wakasema wanatafuta dhahabu. Na walipotangaza kwamba watakusanya mikojo ya watoto, waitie kwenye vichupa na kuipeleka maabara, mtaa ulicheka, shuleni na kanisani na msikitini. Watu wazima wenye digrii zao, wametoka mbali kote huko kufuata mikojo!

Mzee Mselemu hakucheka. Alikuwa na mjukuu.

Rahma alikuwa na miaka minne. Baba yake, Nasri, mwana wa mzee, alikuwa msafirishaji wa asali na mahindi, wiki tatu kwenye treni kwa wiki moja nyumbani, na mtoto alilelewa na mama yake, Hajira, hapo hapo kwa mzee. Alikuwa mtoto wa maneno mengi na miguu yenye matatizo. Alianza kutembea vizuri tu, kisha magoti yakaanza kuachana. Kila mfungo uliopita yalizidi kuachana. Hajira alimfunga kwa vitambaa usiku, akamsugua kwa mafuta ya kondoo, akalia pembeni alipodhani haonekani. Binti mwenye matege, alimwambia mkwewe, nani atamtazama? Mzee alimjibu kwa ukali kwamba mjukuu wake si wa kutazamwa. Lakini alipokuwa machinjioni, akiona ndama anasimama sawasawa kwa miguu yake minne, roho ilimuuma.

Daktari Anselm alimwona Rahma siku ya kwanza tu. Alichuchumaa, akamshika magoti, akamwambia acheke aone meno, kisha akasimama.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umeshamwamkia magoti, sasa unaniamkia mimi."

"Samahani, mzee. Huyu ni nani yako?"

"Mjukuu."

"Ni maji, mzee. Kisima chenu kina madini yanaitwa floraidi. Ndiyo yanayotia meno yenu rangi ya kahawia. Kwa wengi huishia kwenye meno. Kwa mtoto mdogo, yakizidi, yanaingia kwenye mifupa. Akipata maji safi mapema, mifupa inaweza kunyooka inavyokua. Akichelewa, inakomaa hivyo hivyo."

"Mapema ndiyo lini?"

"Sasa," alisema Anselm.

Mzee hakumwamini, lakini neno lile lilimkaa. Aliulizia dawa yenyewe ni nini, akaambiwa ni ndoo yenye koki ambayo ndani yake kuna mkaa wa kuchujia. Akauliza mkaa wa mti gani. Injinia, ambaye hakuwa mjanja wa kusema na watu, akajibu kwamba si wa mti. Ni wa mifupa.

Mtaa ulichafuka. Mifupa ya nani? Wenye kuogopa uchawi waliogopa uchawi, na Waislamu waliuliza swali lao la siku zote: mifupa ya mnyama gani, aliyechinjwa na nani? Swali lilikuwa la haki, maana katika ruksa ile ile mjini palikuwa pamefunguliwa kilabu cha kitimoto, nguruwe anakaangwa hadharani mchana kweupe. Imamu hakutaka kubeba mzigo peke yake. Alisema, mwulizeni Mselemu. Akisema mifupa ni salama, kunyweni.

Anselm akaja tena, safari hii na kilo ya sukari. Mzee akainusa. Daktari akamweleza kwamba mifupa yote, kila mmoja, itatoka kwake mwenyewe, kwa ng'ombe aliowachinja yeye kwa mkono wake. Itachomwa kwenye tanuru nje ya mji, ipondwe, ijazwe kwenye ndoo. Ni yeye tu anayeweza kuwatoa watu hofu.

Mtu anayeshuku kila kitu ana udhaifu mmoja: akiombwa awe mdhamini, anavimba kichwa. Mzee alikubali. Ijumaa iliyofuata, baada ya sala, alisimama akasema mifupa ni yake na maji ni halali, na sauti yake ilifika mpaka barabarani. Watu wakajiandikisha. Raheli naye, kule kwake, akasema kama mzee amesema, yeye ni nani wa kukataa, akajiandikisha kwa ajili ya mwanawe Isaka, aliyelingana na Rahma.

Magunia ya mifupa yakaanza kutoka machinjioni kwa pikapu. Wiki ya kwanza mzee aliisindikiza kwa macho mpaka ikakata kona. Wiki ya pili alikuwa na shughuli mjini, akapita njia asiyoipita siku zote, na mbele ya kilabu cha kitimoto akaiona pikapu. Imesimama. Nyuma imejaa magunia yake. Dereva, kijana aliyeitwa Melkizedeki, alikuwa ndani anakula, anacheka, vidole vinang'aa mafuta.

Mzee alisimama kando ya barabara kama amepigwa na radi. Alitazama mlango wa nyuma wa kilabu, akaona karai la mifupa mingine. Hakuona mtu akihamisha chochote. Lakini je, angeona? Amefika sasa hivi tu. Labda wameshahamisha. Labda magunia yale juu ni yake na ya chini si yake. Alirudi nyumbani bila kununua alichofuata, na usingizi ukamkataa.

Jambo rahisi lilikuwa kwenda kwa Anselm na kumwuliza. Jambo rahisi jingine lilikuwa kwenda kwa imamu. Mzee hakufanya lolote kati ya hayo, kwa sababu alishasimama mbele ya waumini na kuweka ulimi wake dhamana. Aende kusema nini? Kwamba alidhamini kitu asichokijua? Aliona aibu, na aibu ya mtu mzima ni nzito kuliko gunia la mifupa. Akaamua kukaa chonjo na kusubiri ndoo zije.

Ndoo zikaja. Zilifanana zote, za plastiki nyeupe, kila moja na namba kwenye kifuniko. Gasto alisimama katikati ya uwanja akaita namba na majina, na alipoulizwa kwa nini fulani apewe ile na si hii, alisema ni kura. Kura ya nini, kama ndoo zote ni sawa? Mzee aliliona hilo. Aliliona, akaliweka moyoni juu ya yale mengine.

Nyumbani Hajira alimimina maji ya kisima, akasubiri, akafungua koki. Maji yalitoka maangavu. Mzee akachukua kikombe, akakipeleka puani. Maji yalikuwa na harufu. Si kali, lakini ipo, harufu ya kitu kilichokuwa na uhai kikaungua. Alijiambia kwamba yeye amekaa na mifupa ya ng'ombe maisha yake yote, ameona ikichomwa, na ng'ombe hanuki hivi. Hapo alikosea, maana mifupa ikichomwa sana, ng'ombe na nguruwe na punda hunuka mamoja, na harufu yenyewe huisha baada ya siku chache. Lakini nani angemwambia? Hakumwuliza mtu.

Jioni alipita kwenye pengo la ua, akamkuta Raheli anachekecha unga.

"Mama Isaka, maji yako yananuka?"

"Hapana, mzee. Ya kwako yananuka?"

"Nauliza tu."

Aliomba kikombe, akanusa, akaonja. Ni kweli. Maji ya Raheli hayakuwa na harufu yoyote, yalikuwa kama maji tu. Basi kwa mzee mambo yakajipanga yenyewe: zipo ndoo za mifupa yake, safi, na zipo za mifupa ya kilabu, na wamempa yeye, mdhamini wao, ile ya kilabu. Kwa dharau au kwa bahati mbaya, hakujali. Na yule jirani, kwa dini yake, hata ikiwa ya nguruwe haimdhuru.

Jumapili Raheli alipokwenda kanisani na Hajira amekwenda mtoni kufua, mzee alibeba ndoo yake, akavuka ua, akaziweka mbili sambamba, akabadilisha vifuniko ili namba zisimsaliti, akarudi na ya Raheli. Kazi ilikuwa nyepesi. Aliporudi kukaa kwenye kiti chake alijisikia ametenda tendo la baba mwenye nyumba. Hajira aliporudi, alimtuma amchotee Rahma kikombe kilichojaa, na mtoto akamwonya asinywe tena maji kwa Mama Isaka.

Harufu ikawa haipo tena. Hajira alishangaa, akasema labda ndivyo zinavyotulia, na mzee akasema ndiyo, zinatulia.

Miezi ikapita. Watafiti walikuja kila baada ya muda, wakachukua mikojo, wakauliza kama ndoo inatumika, wakaandika, wakaondoka. Mama wa utawala aliendelea kuuliza nani aliamua. Mzee alimjibu kwa kumwuliza naye nani aliamua aje. Rahma alikunywa maji ya ndoo asubuhi na jioni, bila kukosa, Hajira akihakikisha kama mtu anayelisha mgonjwa. Mwanamke yule aliyaamini maji yale kwa moyo wake wote. Alimpima mtoto kwa macho kila alipomwogesha, na kila mara alisema leo naona afadhali. Haikuwa afadhali. Magoti yaliendelea kuachana, na mwishoni Rahma akawa anatembea kwa kuyumba, akikimbia anaanguka, akianguka anacheka ili wengine wasimcheke kwanza.

Mzee aliona, na hasira yake yote ikaelekea kwa watafiti. Walaghai, alisema moyoni. Hata ile safi haina kitu.

Mwaka ulipokaribia kwisha, Anselm na Gasto walikuja nyumbani kwake wenyewe, na injinia nyuma yao. Hawakuja na sukari. Hajira aliwatolea viti uani, akasimama karibu na mlango kusikiliza.

"Mzee," alisema Anselm, "tuna furaha na tuna tatizo. Furaha ni kwamba dawa inafanya kazi. Kila nyumba iliyopata mkaa wa mifupa, madini kwenye mikojo ya watoto yameshuka sana. Wapo wadogo ambao miguu imeanza kurudi. Tatizo ni nyumba yako. Ni nyumba moja tu yenye mkaa ambayo hakuna kilichoshuka."

Mzee aliinua kichwa polepole. "Nyumba iliyopata mkaa? Kwani ipo isiyopata?"

Wale watu wakatazamana. Gasto ndiye aliyejibu, akitazama paa. Alisema nusu ya nyumba zilipewa mkaa wa mifupa na nusu zilipewa kokoto nyeusi, kwa kura, ili waweze kulinganisha. Bila kulinganisha hakuna anayeweza kujua kama ni dawa au ni bahati. Wa kokoto nao watapewa mkaa, mwingine ukishachomwa.

"Mmewanywesha watoto maji ya kokoto mwaka mzima," alisema mzee, "na mimi nikasimama msikitini kuwasemea?"

"Maji yale yale waliyokuwa wanakunywa, mzee. Hatukuwaongezea baya."

"Na hamkutuambia."

"Tungewaambia," alisema Gasto, "mngebadilishana."

Hapo mzee alikuwa ameshafungua mdomo kutukana, na alikuwa na haki ya kutukana, nami nisingemlaumu. Lakini maneno yale yalimwingia yakazama. Alianza kuelewa, na alielewa kidogo kidogo, kama mtu anayechomoa mwiba mrefu.

"Nyumba yangu," aliuliza, "ilipewa ipi?"

"Mkaa. Nilijaza mwenyewe," alisema injinia.

Hajira aliapa kwa Mungu kwamba mtoto hajawahi kunywa maji mengine. Injinia akaomba ruhusa, akaileta ndoo uani, akaipindua. Zikamwagika kokoto. Kokoto tupu, nyeusi, zikatapakaa mavumbini mbele ya miguu yao.

Gasto akamgeukia injinia na kumwuliza mkaa umekwenda wapi. Injinia akasema yeye alijaza, aliyepakia ni dereva. Wakamwita Melkizedeki kutoka kwenye pikapu. Kijana alisimama akipepesa macho, haelewi. Gasto alisema mkaa ule una thamani, na mtu anaweza kuuza chochote siku hizi, na kwamba kama ni wizi basi kazi yake imekwisha leo hii na polisi ni hapo tu. Injinia, aliyekuwa anajinasua, akaongeza kwamba hata mifupa yenyewe dereva alikuwa anaipitisha kwenye vilabu anapokwenda kula.

"Nakula tu pale!" alisema Melkizedeki. "Magunia sijawahi kuyagusa!"

Mzee Mselemu angeweza kunyamaza. Hakuna aliyemtazama. Wasomi walikuwa wanashukiana wao kwa wao, na kijana aliyemchukia tangu siku ile ya kilabu alikuwa amesimama pale tayari kwa kuangushiwa kila kitu. Alifikiri hivyo, na ni lazima isemwe kwamba alifikiri kwa muda. Lakini Anselm alikuwa anamwambia Hajira kwa sauti ya chini kwamba mkaa mwingine bado haujachomwa, itachukua miezi, na kwa miguu ya mtoto kila mwezi una maana. Na mzee peke yake alijua kwamba mkaa wa Rahma upo, umbali wa kurusha jiwe.

"Mwacheni kijana," alisema. "Ni mimi. Nilibadilisha na ya jirani. Ilinuka, nikadhani ni nguruwe."

Hajira alimtazama mkwewe kwa namna ambayo mke wa mtoto hatakiwi kumtazama baba mkwe, kisha akaingia ndani. Mzee aliliona jicho lile mpaka alipokufa.

Anselm alisema basi, kama ni hivyo, mtoto wa jirani amefaidika, angalau mmoja amepona. Ila Gasto, ambaye kwake jina la Raheli lilikuwa kwenye upande wa kokoto, alikumbuka mkojo wa Isaka. Haukuwa umeshuka hata kidogo. Ndiyo maana hakuna aliyeshtuka.

Walivuka ua wote. Raheli alikuwa mlangoni. Alikuwa ameshasikia kila kitu, minyaa haizuii sauti. Alikuwa na ndoo mikononi. Aliiweka chini bila kusalimia, akaanza kutoa vitunguu vilivyokuwa ndani, kimoja kimoja, mpaka mkaa ukaonekana, mkavu kabisa, na maganda yamelala juu yake.

"Nilikuona, mzee," alisema. "Siku ile nilirudi mapema, Isaka alikuwa na homa. Nikakuona umeinama juu ya ndoo yangu. Nikasema, mtu huyu ambaye mimi humwita anichinjie, ameweka nini humu? Mwanangu hajanywa tone."

"Kwa nini hukuniuliza, Mama Isaka?"

"Na wewe kwa nini hukuniuliza?"

Akajifuta mikono kwenye kanga. Macho yalikuwa yamemjaa machozi na hasira.

"Kumbe ulidhani ni nguruwe," alisema, "ndiyo ukaniletea mimi."

Kuna watu ambao wangesema samahani mara moja. Mzee alitazama vidole vya miguu yake.

Injinia aliusuuza mkaa, akajaza maji. Walikubaliana pale pale, bila mama wa utawala kuwauliza, kwamba ndoo itabaki kwa Raheli na watoto wote wawili watakunywa hapo mpaka nyingine zipatikane. Anselm alimchukua mzee pembeni. Mzee aliuliza swali moja, kama miguu itanyooka. Daktari hakumdanganya. Alisema mwaka uliopotea hauwezi kurudi. Huenda isipinde zaidi, huenda ikarudi kidogo, lakini kunyooka kabisa, asimwahidi.

Maji yalipoanza kutoka kwenye koki, mzee aliita. Rahma akaja kwa pengo lake la ua, anayumba, anashika minyaa kwa uangalifu, Hajira nyuma yake bila kumsogelea mkwewe. Mzee akajaza kikombe, akamnyoshea.

Mtoto hakukipokea. Alirudi nyuma hatua moja.

"Babu, si ulisema maji ya kwa Mama Isaka yanaozesha tumbo?"

Raheli aliinua uso. Watafiti wote walikuwa pale, na dereva, na Hajira, na Isaka amejificha nyuma ya sketi ya mama yake.

"Babu alikosea," alisema. Akarudia kwa sauti, wote wasikie. "Babu alikosea. Tazama."

Akanywa kikombe chote, akakipindua kuonyesha hakuna kilichobaki. Rahma akamtazama usoni bila kupepesa. Kisha akamnyoshea Raheli kidole.

"Na yeye anywe."

Raheli akajaza, akanywa. Akamnywesha na Isaka. Mzee akajaza tena, akachuchumaa kwa shida mbele ya mjukuu wake, akamsihi anywe japo kidogo.

Rahma akawatazama wote, mmoja baada ya mwingine, kama anayewahesabu.

"Nitakunywa kesho," alisema, "kama hamjaumwa."